Siku Mama Alipoingia Ziwani

Juzi binti yangu alimrekodi mama yangu kwa simu akiwasimulia wajukuu kazi yake ya kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni niliyoteleza kutoka kwenye boti nikaanguka majini. Mama aliingia ziwani na gauni lake, akinuka omena, maji yakamfika kidevuni, akanirushia ncha ya leso aliyojifunga kiunoni.

“Shika, nyathina! Shika mwanangu, usiachilie!”

Alikuwa akicheka kwa sauti. Nikadhani tunacheza, nikacheka pia. Aliponifikisha mchangani alirudi kugeuza omena, gauni likimchuruzika maji, nami nikadhani mchezo umekwisha.

“Kwani ulijua kuogelea, nyanya?” binti yangu alimuuliza nilipowasimulia kisa hicho.

“Hata kidogo,” mama akajibu, akinitazama. “Nilicheka ili huyu asiogope.”