Alipokataa Kubadilisha Fataki

Mmezoea kunisoma nikigombana na halmashauri ya mtaa, na wenye nyumba, na bei ya nyama ya mbuzi. Leo sina wa kugombana naye ila nafsi yangu. Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya malori kule bandari ya Port Botany, huku ugenini, simu iliniletea habari kwamba mwenzetu wa mtaa wa Mount Druitt amefia hospitalini, kwa ugonjwa huu huu uliotufungia majumbani. Alikuwa dereva wa folklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja la St Marys, Mkongo wa Fizi, baba wa watoto watatu. Makaburini waliruhusiwa watu kumi tu. Mimi sikuwamo, nikamzika kwa kukodolea simu macho, na picha ikakatika kabla hawajamaliza kufukia.

Tulijuana kwenye uwanja wa shabaha, sote wawili tukiwa na leseni. Watu walimshangaa, mtu aliyekimbia vita kupenda bunduki. Yeye alijibu kwamba alitaka kuishika angalau mara moja bila kuwa na adui mbele yake. Katika gereji yake tulikuwa tukijaza upya maganda yetu ya risasi, kila mtu yake, kwa zamu kwenye mashine yake moja. Unaweka fataki mpya kitakoni, unapima baruti, unapachika risasi juu. Fataki ni kile kikombe kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti.

Korona ilipoingia, fataki zikaadimika madukani. Mkulima mmoja alikuwa ametualika kupunguza nguruwe mwitu shambani kwake, nami nilitaka risasi ziwe tayari siku ya kwanza ya kufunguliwa. Nikazunguka mpaka nikapata pakiti moja ya aina nyingine, kali kuliko zetu. Nilifika kwake nikichekelea barakoani. Akaisoma pakiti pande zote, akaiweka chini.

“Mukubwa, hii haiko sawa na ile. Hatuwezi kuiweka na kipimo kile kile cha baruti.”

“Si inaingia kwenye tundu?”

“Inaingia, ndiyo. Lakini inawaka na nguvu. Inapashwa tufungue kitabu, tuanzie chini, baruti kidogo, tujaribu moja moja kule range, kwenye uwanja wa shabaha, na kuangalia kila ganda. Na kama kitabu hakisemi, tunaacha.”

“Range imefungwa!”

“Basi tunangoja.”

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Mtu huyu ndiye aliyenisimulia jinsi alivyokuwa fundi baiskeli kambini Tanzania, akikata matairi mabovu kutengeneza breki. Sisi watu wa uhaba tunajisifia jambo hilo: tukikosa hiki tunatia kile, na maisha yanasonga. Nikamkumbusha breki zake. Akacheka kidogo.

“Breki ikikatala, unaweka muguu chini. Hii ikikatala, iko hapa, mbele ya macho yako.”

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilimwambia, “Wewe ni mwoga tu. Ndiyo maana ulikimbia kwenu.” Alichukua taulo, akaifunika mashine, nami nikaondoka na pakiti yangu.

Nyumbani nilikuwa na kifaa kidogo cha mkono. Nikajaza risasi ishirini, fataki mpya, baruti kipimo kile kile cha zamani, nikazifungia kabatini huku nikijiona mwanamume. Baada ya majuma kadhaa akanitumia ujumbe wa sauti. Sikuufungua. Nilidhani amepata la kunijibu, na nilijua nilistahili kila neno. Nikauacha siku nne.

Niliufungua Jumanne ile, lori limezimwa, habari za kifo ziko mkononi. Sauti ilikuwa inakatika kwa kukosa pumzi.

“Mukubwa, miye niko hospitali. Kama ulitengeneza zile risasi, usipige hata moja. Uzifungue zote. Ukiisha, uniambie, roho yangu itulie.”

Nililia kwenye usukani mpaka wa nyuma yangu akapiga honi. Mtu nimemwita mwoga, naye anatumia pumzi zake za mwisho kuyahofia macho yangu.

Mwaka huu tumebadilisha mengi kwa kulazimika. Ibada tumeihamishia simuni, msiba simuni, na tumezoea kusema afadhali hivyo kuliko kukosa. Sikatai. Lakini najiuliza ni mangapi tumeyatia mahali pa mengine bila kuuliza yana nguvu gani. Mimi niliweka kununa mahali pa kuomba radhi, na hakuna amri ya serikali iliyonilazimisha.

Jioni ya Jumanne ile nilivaa miwani ya kinga, nikazitenganisha risasi zile moja moja hadi ya ishirini. Nikashika simu kumwambia nimemaliza, ndipo nikakumbuka wa kuambiwa hayupo tena. Ndugu msomaji, ukiletewa ujumbe na mtu uliyemkosea, ufungue siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa kutukanwa. Huenda anakungoja umjibu ili atulie.