Bakiza Mafuta ya Kurudi

Mwanangu Kabula, ipo siku moja ambayo mpaka leo inanirudia kila nikisikia muziki wa lile gemu. Jana uliniona nimezima kompyuta kwa hasira, ukalia. Kaa hapa nikueleze. Mimi si mzee, lakini kwa jambo hili nimezeeka.

Kompyuta ile aliileta mjomba wako Masanja hapa Nyasubi ikiwa imeshachakaa, imetoka kwenye duka la intaneti lililofungwa kule Nyahanga. Ndani yake kulikuwa na hilo gemu la kizamani la kusafiri angani. Una chombo, una ramani iliyojaa nyota, unakwenda unakotaka, ila mafuta yakikuishia mbali ndiyo basi. Ukifika kwenye sayari unashusha kigari, unakusanya madini, unarudi chomboni kabla ardhi haijatetemeka au moto haujakukuta. Njiani unakutana na viumbe, wengine wapole, wengine wana matusi, wote wanaongea Kiingereza. Masanja aliishia darasa la saba, mimi nilikuwa sekondari. Basi yeye akaendesha kigari, mimi nikazungumza na viumbe. Nahodha nilikuwa mimi, na hakuna kiumbe hata mmoja aliyeuliza kwa nini nahodha ni msichana.

Bibi yako alikuwa akirudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga anasimama mlangoni, jembe begani, anatuuliza kama huko juu mvua imenyesha. Tulicheka sana. Mara moja akauliza, "Na huyo mwenye chombo, kwao kuna mtu anamngoja?"

Masanja akamwita mama kwa Kisukuma, akamjibu, "Mayu, hili ni gemu tu."

Mjomba wako alikuwa na ugonjwa mmoja. Kigari kimejaa, moto unakuja, namwambia rudi, yeye anasema, "Bado moja." Kigari kinaungua. Anacheka, tunaanza tena pale tulipohifadhi.

Halafu dhahabu ikatoka porini huko upande wa Geita. Watu wakaikimbilia, wenyewe wanaita rashi, na Masanja akaenda nao. Huku nyuma bibi yako akaugua. Alipoacha kula, akawa anataja jina la Masanja tu. Simu yake haikupatikana, kwa sababu shimoni hakuna mtandao. Nikakubeba mgongoni, ukiwa bado unanyonya, nikaenda kumchukua.

Ndiyo siku yenyewe hiyo. Shimo lake, wachimbaji wanaliita duara, lilikuwa limezungushiwa kamba. Nikampa msimamizi shikamoo, mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akanyoosha mkono.

"Mayu, ishia hapo. Mwanamke akivuka kamba, dhahabu inakimbia."

Nikamwambia mama yetu anakufa. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini kamba haikushuka. Kijana mmoja aliyejaa vumbi akaniambia niende nikakae na mama ntilie, nisiwaharibie neema yao. Mzee akainama, ujumbe ukashuka shimoni mdomo kwa mdomo. Jibu nalo likapanda hivyohivyo mpaka likanifikia: "Mwambieni Mama Kabula nakuja. Bado mzigo mmoja."

Nilingoja mpaka gari la mwisho, nikarudi nyumbani bila yeye. Bibi yako alikufa akiangalia mlango. Masanja alifika tumeshazika, kiroba cha mawe begani, akalia pale kaburini hadi watu wakamshika. Kisha akaondoka. Tangu hapo anahama na kila rashi, na kwenye simu ananitumia sauti: mwaka huu narudi, dada, bado moja.

Sijilaumu. Niliita. Nina hasira na yeye, na ile kamba, na mzee yule na adabu zake. Nina hasira na gemu linalokufundisha kwamba kigari kikiungua unaanza upya, na kwamba sayari ukishaikamua unaiacha na mashimo yake. Lakini muziki wake ukianza, mwanangu, natamani kukaa tena kwenye ile stuli, bega kwa bega na kaka yangu, nimsomee maneno ya viumbe na jembe la mama liegemee mlangoni. Chombo chetu bado kimo humo, kimesimama karibu na nyota yenye rangi ya kutu. Sijawahi kukisogeza.

Na jana umeshusha kigari, moto unakuja, nakwambia rudi. Ukanijibu, bila kufundishwa na mtu, "Mama, bado moja." Ndiyo maana nilizima.

Leo nitaiwasha mwenyewe. Cheza, nitakusomea viumbe wanasema nini. Tumia chombo chetu, usianzishe kingine. Ila popote uendapo, humo au nje ya humo, bakiza mafuta ya kurudi. Anayekupenda akikuita, usimtumie maneno, nyanyuka uje. Na ukikuta kamba, ukaambiwa usivuke kwa sababu wewe ni msichana, na wa kwako yuko ndani, vuka. Dhahabu ikitaka kukimbia, ikimbie.

Mungu akufikishe mbali kuliko mjomba wako, mwanangu, na akurudishe mimi nikiwa bado naweza kusimama nikufungulie mlango.