Mzee Nyaya na Kizibo cha Chumbani

Mume wangu mtaa mzima unamwita Mzee Nyaya, na yeye hulipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Ujana wake aliumalizia ofisini, akitengeneza kompyuta zile kubwa za mezani zenye skrini nene kama televisheni za zamani. Zilipokuja mpya, nyembamba, waajiri wake walizitupa zile kuukuu na yeye wakamtupa pamoja nazo. Alirudi nyumbani akisukuma mkokoteni wenye kompyuta nne, anatabasamu kama bwana harusi.

Mimi nafua nguo za watu. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilifundishwa na yeye huyo, kwenye vibonye vya kompyuta zake, enzi tulipokuwa bado tunacheka pamoja. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kusoma najua, na yeye anajua kwamba najua.

Kompyuta moja aliiweka sebuleni, nyingine barazani, nyingine chumba alicholala binti yetu kabla ya kuolewa, na ya mwisho chumbani kwetu, kando ya kitanda. Akatoboa kuta. Akapitisha waya mmoja mweusi kutoka mashine hadi mashine, kama kamba ya kuanikia, mpaka ukiandika neno sebuleni linatokea chumbani. Kila mwisho wa waya ule huvikwa kizibo kidogo cha chuma. Kizibo kikilegea upande mmoja, haipotei kompyuta moja tu. Zote zinaacha kusikiana. Na cha chumbani kwetu kilikuwa kimelika meno. Alikifunga kwa selotepu, kwa mpira, kwa uzi wa kushonea. Wapi! Akazunguka maduka ya vifaa, wauzaji wakamcheka: "Mzee, hiki umekiiba makumbusho?" Kitu kimoja tu kilikubali: vidole vya mtu, ukikibana na kukipinda kidogo kuelekea ukutani.

Hapo ndipo ikaja habari ya chuo cha ufundi. Walikuwa na chumba kizima cha kompyuta za aina ile ile, wanatafuta mtu wa kuziunganisha na kuzitunza ili vijana wajifunzie. Mkuu wa chuo akasema atakuja nyumbani ajionee kwa macho yake. Mume wangu akakosa hata hamu ya kula. Alikuwa amekaa bure muda mrefu, anakula jasho la ndoo zangu, na asipopata kazi hii hakuna mwingine angemwita. Nilimwombea aipate, Mungu ndiye shahidi.

"Mama watoto," aliniambia asubuhi, "leo utanishikia."

"Nichuchumae nyuma ya meza?"

"Kidogo tu. Mkuu ataishia sebuleni, huku hafiki."

Nikaacha nguo kwenye ndoo, nikaingia chumbani na gauni langu la kufulia, limelowa mpaka magotini. Nikakibana kizibo. Kupitia ukutani nikamsikia Mkuu akishangaa na mume wangu akijigamba.

"Hapa hakuna mkono wa mtu, Mkuu. Ukishaziunganisha, zinaelewana zenyewe."

Nilitamani kucheka. Mkono wa mtu ulikuwa umeanza kufa ganzi.

"Na huu waya unaishia wapi?" Mkuu akauliza.

"Chumbani, Mkuu. Lakini pamevurugika."

"Ah! Chumba kisichovurugika ni cha hoteli. Hodi huko!"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa makamo kama sisi. Akaniona nimechuchumaa, kitambaa kichwani kimeniangukia jicho moja.

"Na huyu je?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa na muda wa kutosha. Aliangalia gauni langu, akaangalia viatu vya Mkuu vinavyong'aa.

"Huyu dada wa kazi," akasema. "Anafuta vumbi."

Dada wa kazi, na mvi hizi!

"Pole na kazi, mama," Mkuu akasema.

Nikajibu, "Asante, bosi." Nililitamka mwenyewe, kwa sauti yangu, bila kulazimishwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Mkuu akamwambia mume wangu arudi sebuleni, aandike chochote, yeye akisome hapa. Tukabaki wawili. Akazungusha macho, akaiona picha yetu ya harusi ukutani.

"Ndiye mama mwenye nyumba? Mzuri kweli. Yuko wapi?"

Uso wangu ulikuwa chini ya ule wa pichani, na hakuona.

"Amesafiri," nikasema.

Skrini ikawaka juu ya kichwa changu. Nikainua shingo, nikasoma herufi moja moja: SAMAHANI KWA VURUGU MKUU. DADA HUYU MZEMBE NITAMSEMA.

Vidole vilikuwa vyangu. Kukiachia kizibo tu, na Mzee Nyaya angebaki na maboksi manne yasiyojuana. Sikukiachia. Si kwa upendo, nisidanganye watu. Niliona aibu kwamba nikiachia itabidi nieleze mimi ni nani.

Mkuu akapiga makofi. Kazi ikapatikana siku hiyo hiyo.

"Umeniokoa," mume wangu akasema tulipobaki peke yetu.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ungetaka niseme nini? Mke wangu amekaa sakafuni, ameshika waya?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akajifanya anakunja nyaya.

Tangu hapo Mkuu akawa rafiki wa nyumba, na uongo ukawa na makazi. Gari lake likisimama nje, mimi navua pete na kukimbilia uani. Jirani yangu, shoga wa siku nyingi, aliniona nikiwapelekea chai nimeinamisha kichwa. Akanisubiri kwenye kamba ya nguo.

"Siku hizi mumeo ukimpa chai unasema 'bosi'? Mmeanza mchezo gani uzeeni?"

Nikacheka naye. Kisha nikarudi kusuuza.

Halafu chuo kikaandaa sherehe ya mchana, wafanyakazi waje na wake zao. Mkuu alinikuta mlangoni. "Mama, mkumbushe tajiri wako aje na mkewe. Safari gani isiyo na mwisho?"

Nilimfikishia mume wangu. Nikamwambia nina gauni, nina viatu, na nywele nitasuka.

Akasema, "Nitawaambia mke wangu anaumwa."

"Mke yupi anaumwa? Aliyesafiri, au huyu anayefuta vumbi?"

Akapiga pasi shati lake mwenyewe, vibaya, akaenda peke yake.

Alirudi jioni na kifurushi cha karatasi. Akakiweka mezani, hakukaa.

"Nini?"

"Keki. Mkuu amesema... nimpe dada wa kazi."

Nilikifungua. Nikavuta kiti, nikaila yote mbele yake, polepole, na yeye amesimama na viatu vyake vya sherehe, hajui aangalie wapi.