Mbwa Wangu Hakuwa Kwenye Rejista

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gambuti mpya, nikiamini nitashinda na ng'ombe. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha msaidizi wa afya ya mifugo, yaani mtu anayechanja, anayetibu magonjwa madogo, na anayemwita daktari mwenyewe mambo yakimzidi. Ofisi ya Amagoro ilikuwa vyumba viwili na friji moja. Daktari Mkuu, mzee mrefu aliyeongea polepole, aliyatazama yale magambuti, kisha akanipa rejista nene yenye jalada jeusi. Akaniambia leo nitaandika mbwa.

Sikuelewa. Kwetu mbwa hakuandikwa popote. Alizaliwa, akapewa ugali uliobaki, akabweka miaka yake, akafa. Nilidhani Daktari ananipima, nikakaa mezani nikisubiri mtu aje aniambie ni mzaha.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama aliyewauzia chai madereva wa trela kule Malaba. Alibeba mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Nikauliza jina la mbwa, akasema bado hana. Nikauliza umri, akasema alizaliwa ile wiki malori yalikwama barabarani. Nikauliza mwenyewe ni nani. Akafikiri, akasema labda ni yeye, ingawa wanaomlisha ni madereva, na wengine wao ni watu wa Uganda. Nikaacha nafasi tatu tupu kwenye ukurasa wa kwanza wa maisha yangu ya kazi.

Daktari Mkuu akavuta kiti. Alimfungua yule mtoto mdomo, akaniambia niandike wiki saba, kwa kuwa meno ya maziwa yameota yote. Akampima uzito, akampa dawa ya minyoo, akamwambia mama achague jina hapo hapo na akubali kwamba mbwa ni wake. Kisha akampa kadi na kumwambia amrudishe akifika miezi mitatu, achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Mama alipotoka nikauliza haraka ya kumwandika ilikuwa ya nini, kama sindano yenyewe ni mpaka mwezi ujao.

"Tukimjua akiwa mzima," akasema, "siku akiugua tutaona kilichobadilika. Na siku akiuma mtu, hatutaanza kwa kuulizana huyu ni wa nani."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu, kama mwanafunzi. Kuyaandika si kuyaelewa.

Vijana mlio kazini sasa, wengine wenu mnaandika kwa simu. Sisi tulikuwa na safu za kuchora kwa rula: jina, jinsia, rangi, alama, umri, mwenyewe, kijiji, tarehe ya chanjo, namba ya bechi. Bechi ni kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, na namba yake iko kwenye lebo. Chanjo zikionekana na kasoro, kwa namba hiyo unajua mbwa gani walidungwa kutoka kundi hilo. Chanjo hubebwa ndani ya kisanduku cha barafu kutoka kwenye friji mpaka kijijini, maana ikipata joto inageuka maji tu. Na chupa moja ina dozi kadhaa. Ukishaifungua, unaitumia siku hiyo hiyo. Zinazobaki unazimwaga. Hili la dozi zinazobaki ndilo lililonitia matatani, kama nitakavyoeleza.

Kutoka Amagoro nilihamishiwa Angurai, chini ya Ofisa wa Tarafa aliyependa rejista kuliko alivyotupenda sisi. Siku moja ya soko watu walimzingira mbwa mmoja nyuma ya vibanda, mate yakimtoka na mdomo haufungiki. Kila mmoja alisema ni kichaa, na vijana walishashika rungu. Nami niliogopa, kwa sababu kichaa huanza hivyo pia. Lakini mwenyewe alinitajia jina la mbwa, nikafungua rejista, nikamkuta tangu akiwa na miezi miwili. Chanjo tatu, miaka mitatu, bila kuruka. Hilo halikuwa hakikisho, ila lilitosha kunifanya niseme tungoje. Tukamfungia stoo, nikavaa glavu nene, nikammulika mdomoni. Mfupa ulikuwa umekwama kwenye kaakaa, kutoka gego hadi gego. Nikautoa kwa koleo. Yule mbwa akanywa maji bakuli zima, na watu wakarudi kwenye biashara zao kama waliodanganywa.

Hapo mngetegemea niwe nimejifunza.

Miaka mingine ikapita, nikaletwa Busia mjini. Huko nilimpata Mzee Twalib, mwenye duka la nafaka karibu na mpaka, ambaye alikuja na paka. Alisema paka huyu analinda mahindi yake dhidi ya panya, analala juu ya magunia, na watoto wa jirani wanamshika kutwa nzima, kwa hiyo anataka aandikwe na achanjwe mapema. Rejista yetu ilikuwa ya mbwa. Nilimpigia Mkuu wa Idara, naye akasema niandike kwenye rejista ya mbwa, halafu kwenye safu ya alama niandike kwamba ni paka. Mpaka leo sijui kama alikosea au alikuwa na busara. Mzee Twalib alitazama nikiandika, akauliza kwa upole kama mnyama wangu naye yumo humo ndani.

Nilikuwa na mbwa, naam. Dume mwekundu mwenye miguu ya nyuma myeupe kuanzia pajani, tukamwita Kaptula. Nilimjibu Mzee kwamba wangu hahitaji, kwa sababu daktari wake analala nyumba moja naye. Tukacheka wote wawili.

Kaptula alizaliwa pacha na mwingine aliyefanana naye kabisa. Mmoja nilibaki naye, mwingine nikampa dada yangu aliyeolewa Namboboto. Siku moja, baada ya kuchanja mbwa wa kijiji huko kwa dada, nilibaki na dozi chupani. Kaptula nilikuwa nimemchukua kwenye gari la ofisi, ili wacheze na ndugu yake. Nakumbuka nimebana mbwa kati ya magoti. Nakumbuka ngozi ya shingo mkononi mwangu, na sindano ikiingia chini yake. Sikuandika. Ningeandika jioni, nikifika.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, mbwa wageni waliingia uani kwetu wakapigana na Kaptula. Jirani yangu, Mama Nekesa, aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni, alitoka na ufagio kuwatenganisha. Kaptula akamuuma kiganjani, meno mawili hadi ndani. Kisha akakimbia na wale wengine, wakapita kwenye njia za panya kuelekea upande wa Uganda. Tulimtafuta siku nzima. Hakuonekana.

Nilimwosha Mama Nekesa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kama tunavyofundisha, kisha tukaenda hospitali. Kwa kawaida mbwa aliyeuma mtu hufungiwa na kuangaliwa siku kumi. Kama alikuwa na kichaa wakati anauma, hatafika siku hizo akiwa mzima. Lakini sisi hatukuwa na mbwa wa kufungia. Tulikuwa na neno langu tu.

Ofisa wa kliniki, binti mwenye miwani, aliuliza kama mbwa ana chanjo. Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Akauliza kadi iko wapi. Hapo ndipo picha yangu ya yule mbwa kati ya magoti ilipoanza kuyeyuka. Ilikuwa na miguu myeupe. Lakini wote wawili walikuwa na miguu myeupe.

Nikaomba dakika chache nikatoka nje, nikampigia dada. Nikamuuliza siku ile nilimchanja mbwa yupi. Akasema nilimchanja yule aliyemshika yeye. Nikauliza alimshika yupi. Akasema alimshika yule aliyekuwa karibu, na kwamba walikuwa wakirukaruka, na kwamba yeye alidhani mimi ndiye ninayejua. Nikauliza kama ilikuwa sindano moja au mbili. Akasema, "Dada yangu, wewe ndiye daktari."

Nilikwenda ofisini, si mbali na hospitali, nikafungua rejista ya mwaka ule. Ukurasa wa Namboboto ulikuwepo. Mbwa kumi na tisa kwa mwandiko wangu, wa dada hayumo, wangu hayumo. Chini ya wa kumi na tisa palikuwa na mstari mtupu kabla ya siku iliyofuata. Namba ya bechi ilikuwa hapo juu, tayari kwa kunakiliwa. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijiambia kwamba sitakuwa naandika uongo, kwa sababu huenda ni kweli. Nikajiambia pia kwamba msaidizi wa mifugo ambaye mbwa wake hana kadi atachekwa na mji mzima. Nilikaa pale nikitafuta yule mbwa kichwani, mara wa kushoto, mara wa kulia, na kila nilivyotafuta zaidi walizidi kufanana.

Kisha nikamfikiria Mama Nekesa. Nikiandika mstari ule, binti wa kliniki anaweza kumpunguzia sindano, au kumwambia arudi nyumbani angoje. Na kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna anayemtibu. Nikafunga rejista.

Nilirudi hospitali nikamwambia binti yule, mbele ya Mama Nekesa, kwamba sijui. Aandike hajachanjwa.

Mama Nekesa aliinua macho kutoka kwenye mkono wake uliofungwa bendeji. "Mama Okiru," akasema, "umechanja mbwa wa Busia yote. Wa kwako hujui?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

Ilimbidi achomwe sindano kwa awamu, karibu mwezi mzima. Nilimsindikiza kila mara. Siku moja chanjo haikuwepo, tukavuka mji mzima kutafuta, yeye mbele na mimi nyuma. Mkuu wa Idara alipopata habari aliniita. Nilitegemea barua ya onyo. Aliniuliza tu ni wafanyakazi wangapi ofisini wenye mbwa kwenye rejista. Tukahesabu, akiwemo yeye. Hapakuwa na hata mmoja. Akatazama dirishani, akasema kesho sote tuje na wanyama wetu.

Wiki ya tatu, mbwa akarudi. Nasema mbwa, sisemi Kaptula. Alikuwa mwekundu, mwenye miguu ya nyuma myeupe, mnene kuliko yule aliyeondoka, na shingoni alifungwa kamba ya manila ambayo haikuwa yetu. Nilimwita jina, akageuza kichwa. Lakini mbwa yeyote hugeuza kichwa ukimwita kwa sauti hiyo. Mume wangu alisema ni yeye kabisa. Mama Nekesa alimtazama juu ya ua kwa muda mrefu, akasema yule aliyemuuma alikuwa na sikio lililochanika. Mimi nilikuwa nimeishi na Kaptula miaka miwili na sikukumbuka sikio lolote. Safu ya alama ingetuambia. Safu hiyo sikuijaza.

Kama alikuwa yeye, basi siku kumi zilishapita na Mama Nekesa hakuwa hatarini, na sindano zilizobaki hazikuwa na haja. Kama si yeye, zilikuwa na haja kubwa. Binti wa kliniki alituuliza tuna hakika gani. Tukatazamana. Mama Nekesa akamaliza sindano zote.

Nilimwandika yule mbwa siku hiyo hiyo. Jina, Kaptula. Umri, haujulikani. Chanjo za awali, hazijulikani. Alama, niliandika mistari minne, mpaka kovu dogo chini ya kidevu. Nikamchanja kwa mkono wangu, nikabandika lebo ya chupa kwenye kadi.

Nimestaafu sasa. Watu bado hunijia nyumbani, hasa wenye mbwa wadogo, wakiniuliza kama si mapema mno kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Wanadhani nitawapa hekima. Huwaambia wasiseme watakumbuka. Mimi nilifanya kazi ya kukumbuka wanyama wa watu miaka yangu yote, na yule mmoja aliyelala mlangoni kwangu nilimpoteza ndani ya kichwa changu mwenyewe. Mengine huwa siwaambii, kwa sababu hata mimi bado sijayapanga vizuri.

Yule mbwa alikufa mwaka jana, kwa uzee, akiwa amelala juani. Mama Nekesa alisikia, akaja na jembe lake bila kuitwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa. Alisimama akiitazama ile miguu myeupe, akaniuliza kama ndiye.

Nilimwambia ninachokijua: kwamba huyu tunayemzika alichanjwa mara saba, na tarehe zote ziko kwenye kadi.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuchimba upande wake.