Mshale wa Kamera ya Mama

Juzi pale Uyole niliona kamera ya filamu kwenye turubai la mitumba, na harufu ya mkoba wake wa ngozi wenye ukungu ikanirudisha uani kwa bibi, Iringa.

Mama alikuwa amenunua kamera iliyotumika, lakini mshale wake wa kupima mwanga ulikuwa umelala tu. Akasugua kwa ndimu kutu ya pale panapokaa betri, kisha akanipa nichungulie. Niliielekeza kwa kuku, mshale ukapanda. Kwa bibi, ukapanda. Nilipomgeukia mama, aliyesimama juani, ukalala.

"Mama, kamera haikuoni," nikasema, maana niliamini mshale ule unapima uhai.

Mama akacheka. Bibi akaacha kuchambua mboga.

"Hebu igeuzie kwingine, mjukuu wangu," akasema taratibu.

Mvua za kupandia zilipofika, mama hakuwepo tena.

Siku hizi najua ni kutu tu, umeme wa betri ulikuwa ukija na kukatika. Hata hivyo, muuzaji wa Uyole alipomsogeza binti yake mbele yangu na kusema, "Ijaribu kwa huyu, dada," niliifunika lenzi ya kamera niliyokuwa nimeishika, nikairudisha kwenye turubai.