Hekalu la Sabuni

Harufu ya shahamu ya kondoo ikiungua hunichefua hadi leo. Juzi jirani yangu alikuwa akichoma mishikaki kibarazani kwake, moshi ukaniingilia, nikabamiza dirisha kama mtu aliyetukanwa. Yeye maskini hana kosa. Niliyemkasirikia ni mtoto wa miaka kumi, na mtoto huyo ni mimi.

Miaka ile ya tisini tulikaa ughaibuni, mtaa wa wahamiaji uitwao Cedar-Riverside, ghorofa ya kumi na nne. Baba, mtu wa Mombasa, alikuwa mchinjaji wa bucha moja pale mtaani. Alikwenda kuchinja shambani nje ya mji, akarudi kupasua na kupanga nyama. Alioga, akabadili nguo, akajipaka mafuta ya udi, na bado shahamu ilimfuata. Ilikuwa kwenye koti lake la baridi, kwenye viti vya gari, chini ya kucha. Nilimwonea kinyaa, jamani, tena sikuficha. Akiniita kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza huku nimeziba pua, naye akicheka, akisema ana memsahibu wake nyumbani bila kulipa mahari.

Shuleni tukafundishwa habari za Wagiriki wa kale, tukaambiwa kila mtoto achonge mfano wa hekalu, na mzazi aje jioni kuutazama. Nikachagua sabuni nyeupe. Nilichonga nguzo kumi na mbili kwa mpini wa kijiko, nikazipanga juu ya ubao, nikaziwekea paa la pembe tatu. Nilitaka kitu kisichonuka chochote ila usafi.

Baba akaketi kando yangu, akafunua kitabu nilichoazima maktaba, akaniambia nimsomee. Nikasoma harakaharaka. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu wao, na watu hawakukusanyika mle kuabudu. Ibada ilikuwa nje, kwenye madhabahu mbele ya mlango. Hapo walichinja wanyama, wakachoma mifupa ya mapaja iliyozungushiwa shahamu ili moshi umpandie mungu, kisha nyama wakaipika, wakagawana, wakala. Nikakisukuma kitabu mbali. Baba macho yakamng'aa.

“Kumbe watu wa kazi hawa,” akasema. “Madhabahu yako iko wapi, mwanangu?”

Nikamwambia siweki, inachukiza.

“Kuchinjia sanamu sisi hatukubali, hilo lijue. Lakini nyumba yao ndivyo ilivyokuwa. Na damu lazima ipate pa kwenda.”

Jioni mbili, mikono imemvimba kwa kazi, alifinyanga madhabahu kwa udongo wa kuchezea. Aliichimbia mfereji wa damu, akaupaka rangi nyekundu. Akafinyanga na kondoo, akamlaza ubavu wa kushoto na kumwelekeza kibla, kwa mazoea tu, kondoo wa makafiri! Akaigundisha mbele ya nguzo zangu, akarudi nyuma kuitazama, amefurahi kweli. Mimi niliona uchafu umekuja kukaa mlangoni pa sabuni yangu. Asubuhi ya maonyesho niliing'oa, nikaizika kwenye pipa la taka jikoni, chini ya makapi ya chai.

Baba alikuja shuleni moja kwa moja kutoka kazini, na lile koti lake. Nilisimama mbali naye. Mwalimu, mama mmoja mpole, akazisifu nguzo, kisha akauliza mbona hakuna madhabahu. Kwa Wagiriki, alisema, nyumba hii bila madhabahu ni ganda tu, maana watu wangeabudia wapi?

Baba akainama. Aliona alama za gundi pale mahali palipong'olewa. Akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

“Kosa langu, mwalimu,” akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. “Nimeisahau kwenye gari.”

Akatoka. Dirishani nilimwona amesimama kwenye theluji kando ya gari, mikono ameiingiza kwenye mikono ya koti, mlango hata hakuufungua. Alikaa kiasi cha mtu kutafuta kitu. Aliporudi, masharubu yameganda, alimwambia mwalimu imevunjika njiani. Nikapewa alama zote.

Nyumbani hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu nilichokisoma siku ile. Waliobeba damu na shahamu walisimama nje kwenye upepo, na ibada yote ilikuwa yao. Ndani kulikuwa na sanamu, safi, haifanyi kazi yoyote. Nilikula nyama ya mikono ile tangu nina meno mawili, na kinyaa nikamwonea aliyeileta.

Baba sasa ni marehemu, na sikuwahi kumtaka radhi. Watu ninaowasimulia hudhani kinachoniuma ni kwamba nilinyamaza. Laiti ingekuwa hilo tu. Nilipomwona kule nje kwenye baridi, nikijua amenisitiri mimi, nilivuta pumzi ndefu na kushukuru kwamba darasani hakunuki tena.