Damu ya Yaeda Iliyokataa Kusikia

Kazi yangu ni seli B, askari wa damu: nachunguza zinavyopokea ishara ya kupigana na ugonjwa. Wafugaji wa Yaeda Chini waliniamini, wakaninyooshea mikono. Damu yao niliifukia kwenye barafu mpaka maabara, Mbulu. Nikazipa seli ishara, kimya. Mimi, msomi mzima, nikarudi kuwatangazia mkutanoni kwamba damu yao ni nzito kusikia. Wazee wakainamisha vichwa.

Juzi, nikijisifu mbele ya wenzangu, profesa wangu, mama mkali, akazitia seli rangi ya kupimia uhai. Zote zilishakufa, zimeuawa na barafu yangu.

"Mwanangu, umemwamkia maiti shikamoo, halafu unamlaumu hajasema marahaba," akasema. "Na kule Yaeda, umewaambia nini?"